Miaka Sita Upande wa "Siyo"

Mzee alianza kwa kuigiza sauti ya mwenyekiti wa halmashauri. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Akapunga mkono kuonyesha jinsi ukumbi mzima ulivyoitika. "Wasioafiki waseme siyo." Akainua vidole vitatu: yeye na wenzake wawili. Kisha akamalizia, "Waliosema ndiyo wameshinda," na akatikisa kichwa.

Tulikuwa msibani, tumeketi mkekani nje, chai ya rangi inazunguka. Aliwahi kuwa diwani wa upinzani kwa kipindi kimoja, na baada ya hapo hakugombea tena. Nikamuuliza miaka ile mitano ilimfundisha nini.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuwa nalipwa posho ya kushindwa."

Watu wakahamia kwenye habari za mvua na bei ya mbolea. Mimi nikabaki palepale.

Wiki zimepita na maneno yale hayajanitoka. Yananiuma kwa sababu nimewahi kupanga foleni juani kuwapigia kura watu kama yeye, nikijua kabisa kwamba hata wakishinda watakwenda kuwa wachache. Kama mzee yule yuko sahihi, kura yangu ilinunua nini? Mtu anayeingia kwenye baraza akijua kila hoja yake itashindwa anakwenda kufanya kazi gani hasa?

Nilitafuta jibu kwa mtu ambaye sote tunadhani tunamjua.

## Kipande tunachokiruka

Barack Obama wetu, tunayemsimulia vijiweni, ana vituo vinavyojulikana: Kogelo, Harvard, hotuba ya Boston mwaka 2004, Ikulu. Hapo katikati kuna miaka ambayo hatuisemi kwa sababu haina kitu cha kupigia makofi. Januari 1997 aliapishwa kuwa seneta wa jimbo la Illinois, akiwakilisha eneo la uchaguzi namba 13 kusini mwa jiji la Chicago. Alikaa kwenye Seneti ile hadi 2004, na miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa cha wachache.

Hesabu alipoingia ilikuwa hivi: viti 59, Warepublican 31, Wademokrat 28. Tofauti ya viti vitatu tu. Ukiiona kwenye karatasi unasema hawa wanakabana koo.

Haikuwa hivyo hata kidogo.

Rais wa Seneti alikuwa James Philip, ambaye kila mtu alimwita Pate, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marine aliyetoka DuPage, kaunti ya vitongoji vya magharibi mwa Chicago. Yeye ndiye aliyeamua mswada upi uone jua na upi usilione. Baraza la chini lilikuwa mikononi mwa Wademokrat chini ya Spika Michael Madigan, lakini kwa seneta wa upande wa wachache hilo lilisaidia kidogo sana. Mswada lazima upite pande zote mbili.

Springfield, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago. Obama alikuwa na mke na ajira mbili nyingine, ya uwakili na ya kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na baadaye mtoto mchanga. Kila msimu wa vikao alikuwa akiendesha gari kwenda huko, analala hotelini, anarudi mwisho wa juma. Kwenda kusema siyo.

## Mswada hufa kimya

Nilikuwa nadhani kushindwa bungeni ni kule kupigiwa kura ukazidiwa. Mzee wangu wa msibani angalau alipewa nafasi ya kuinua sauti. Kwenye Seneti ya Illinois, miswada mingi ya wachache haikufika hata huko.

Kila mswada ulipitia kwanza Kamati ya Kanuni, ambayo viongozi wa chama chenye wengi waliitawala. Kamati haikuhitaji kuukataa mswada. Iliuacha tu. Hakuna mjadala, hakuna kura, hakuna jina la mtu aliyeandikwa kwamba alipinga. Msimu ukiisha, mswada nao umekwisha, na wewe uliyeuandika huna hata kumbukumbu rasmi ya kuwaonyesha wapigakura wako kwamba fulani na fulani ndio walioukataa.

Hili ndilo lililonishtua kuliko yote. Mtu aliyeshindwa kwa kura ana ushahidi. Mtu ambaye karatasi yake imelala kwenye kabati la kamati ana maneno yake tu.

Hapa kwetu mbunge akileta hoja binafsi na ikapigwa chini, angalau tutamsikia redioni jioni. Nimewahi kulidharau jambo hilo. Sasa silidharau.

Na wenzake wa chama hawakumpokea kwa shada la maua. Obama alipousimamia mswada wake wa kwanza mwezi Machi 1997, kuhusu orodha ya wahitimu wa vyuo vya jamii ambayo waajiri wa maeneo yao wangeweza kuitumia, aliyesimama kumsumbua alikuwa Rickey Hendon, seneta mweusi wa Chicago, wa chama hichohicho. Alimtaka ataje jina lake vizuri, kisha akamuuliza kama ni jina la Kiayalandi. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea kaunti nzima. Ukumbi ulicheka, na mswada ukapita, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Hendon na baadhi ya wenzake walimwona ni msomi wa Harvard aliyekuja kupitia tu.

Kwa hiyo alikuwa mchache ndani ya wachache.

## Sheria ya mwaka 1998

Kiongozi wa wachache, Emil Jones, alimpa kazi ambayo wazoefu hawakuitaka: maadili. Illinois wakati huo ilikuwa na sheria legelege mno. Mwanasiasa aliweza kuchukua fedha alizochangiwa kwa ajili ya kampeni na kuzitumia kwa mambo yake binafsi, akalipa kodi ya mapato na maisha yakaendelea. Zawadi kutoka kwa washawishi wa makampuni zilikuwa jambo la kawaida.

Paul Simon, seneta mstaafu wa ngazi ya taifa, alikuwa akisukuma mageuzi. Kila chama katika kila baraza kikatoa mtu mmoja, wanne kwa jumla. Kwa Wademokrat wa Seneti alikuwa Obama. Kwa Warepublican wa Seneti alikuwa Kirk Dillard, naye wa DuPage, kaunti ya Philip mwenyewe.

Fikiria unavyowaendea wenzako na mswada huo. Unamwambia mtu aliyekaa miaka ishirini kwamba zawadi zimekwisha, chakula cha mshawishi kimekwisha, akiba yake ya kampeni si yake tena. Na wewe una miezi michache tu kwenye jengo.

Ilibidi watoe kitu. Waliokuwa tayari na fedha kwenye akaunti zao kabla ya katikati ya mwaka 1998 waliruhusiwa kuendelea kuzitumia zile za zamani. Nimejiuliza sana kuhusu kifungu hicho. Kinakera. Kinawaachia walaji mlo wao na kuwafungia jikoni wanaokuja nyuma yao. Lakini bila kifungu hicho mswada ungelala kabatini pamoja na wenzake, na mtu wa upande wa wachache hana cha kubadilishana isipokuwa subira na lugha ya mswada. Alibadilishana lugha.

Mei 1998 Seneti ikaupitisha kwa kura 52 dhidi ya 4.

Sheria ilipiga marufuku zawadi nyingi, ikapiga marufuku matumizi binafsi ya fedha mpya za kampeni, ikalazimisha taarifa za michango ziwasilishwe kielektroniki ili raia azione. Hiyo ni kazi iliyofanywa na mtu wa upande wa siyo, katika mwaka wake wa pili, chini ya rais wa Seneti ambaye hakuwa na sababu ya kumfurahisha.

Hapo nikadhani nimempatia jibu mzee wangu: tafuta mwenzako upande wa pili, kubali nusu, piga hatua. Jibu zuri la mezani. Lakini nilipoendelea kusoma, likaanza kupwaya.

## Kura ya "nipo"

Kuna mambo ya miaka ile ambayo mashabiki wake, na mimi nimo, huyapita haraka. Kwenye Seneti ya Illinois kulikuwa na kura ya tatu: si ndiyo, si hapana, bali "nipo". Mswada ulihitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, basi anayesema "nipo" kwa hesabu ni sawa na aliyesema hapana, ila haandikwi hivyo. Obama aliitumia karibu mara 130 kati ya maelfu ya kura alizopiga.

Wapo wanaoeleza vizuri sababu zake. Chama chenye wengi kilikuwa kikileta miswada iliyotengenezwa kama mtego, yenye jina zuri na kifungu kibaya ndani, ili anayepinga achafuliwe kwenye matangazo ya uchaguzi. Kura ya "nipo" ilikuwa njia ya kundi zima kujikinga. Naelewa.

Hata hivyo nasema wazi kwamba inanisumbua. Mtu niliyemtuma akaseme siyo, nataka aseme siyo, na jina lake liandikwe. Kitu pekee ambacho wachache wanacho kwa hakika ni sauti yao kwenye kumbukumbu. Wakiitoa hiyo nayo, tunabaki na nini?

## Desemba 1999

Mwishoni mwa 1999, Gavana George Ryan, Mrepublican, aliliita bunge kwenye kikao maalumu kuhusu sheria ya bunduki. Ugomvi ulikuwa kama kubeba bunduki kinyume cha sheria liwe kosa kubwa la jinai au kosa dogo. Gavana alitaka liwe kosa kubwa. Philip, wa chama chake mwenyewe, alikataa. Kwa mara moja, kura za Wademokrat zilikuwa na uzito wa dhahabu.

Obama alikuwa Hawaii na familia yake. Malia, mwanaye wa kwanza, mwenye umri wa mwaka na nusu hivi, aliugua, na yeye akabaki naye. Mswada ukashindwa.

Wakati huo alikuwa anagombea kiti cha Bunge la taifa dhidi ya Bobby Rush, Mdemokrat mwenzake aliyekuwa anakikalia kiti hicho, ambaye mwanaye wa kiume alikuwa ameuawa kwa risasi Oktoba mwaka huohuo. Magazeti ya Chicago hayakumhurumia Obama. Machi 2000 Rush alimshinda kwa asilimia 61 kwa 30.

Simlaumu mtu kwa kukaa na mtoto mgonjwa. Ninachokiona ni kingine. Unakaa miaka mitatu kura yako haihesabiki, halafu siku moja tu inahesabika, na siku hiyo ndiyo unakosekana. Kazi ya wachache ni ya namna hiyo: kuhudhuria mamia ya siku zisizo na maana kwa sababu hujui ile yenye maana ni ipi.

Kushindwa kule kulimwachia madeni. Agosti 2000 alisafiri hadi Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama chake. Kadi yake ilikataliwa alipotaka kukodi gari uwanja wa ndege, na kibali cha kuingia ukumbini hakupata. Amelisimulia mwenyewe. Alirudi nyumbani kabla mkutano haujaisha, na alifikiria kuachana na siasa.

Miaka minne baadaye alikuwa jukwaani kwenye mkutano kama huohuo. Lakini mwaka 2000 hakuna aliyejua hilo, na mimi nataka nikae kwenye mwaka 2000.

## Kuunga mkono juhudi

Kwa sababu hapo ndipo watu wetu wengi huondoka.

Tunaikumbuka miaka ya 2017 na 2018 hapa Tanzania. Kila juma diwani au mbunge wa upinzani alikuwa anaitisha waandishi wa habari, anavua kadi, na anatangaza kwamba anajiuzulu ili kuunga mkono juhudi za Rais. Uchaguzi mdogo unaitishwa, anarudi kwenye kiti kilekile akiwa na rangi nyingine. Sisi tuliobaki tuliwaita wasaliti, kwa sauti kubwa.

Baada ya maneno ya mzee msibani nimewafikiria upya. Siwasafishi; ninaamini waliotuhama walituvunjia ahadi. Ila sasa najiuliza sisi tuliwapa nini cha kubakia nacho. Tuliwahi kwenda kusikiliza kikao kimoja cha baraza? Kuna aliyewapigia simu siku hoja yao ya kisima ilipokataliwa, kuwaambia tumeona mlivyoisimamia? Tuliwapigia kura, tukarudi nyumbani, tukasubiri kuwahukumu kwa barabara ambayo hawakuwa na bajeti ya kuijenga.

Obama naye alijaribu kuondoka, na tusimpake rangi ya mtakatifu. Baada ya miaka mitatu tu alikuwa anatafuta kiti kikubwa zaidi. Alibaki Springfield kwa sababu Rush alimshinda. Baada ya hapo, kwa maelezo ya waliofanya naye kazi, alibadilika: aliketi zaidi na wenzake, alisikiliza kuliko kuhutubia. Inawezekana kushindwa ndiko kulikomfanya mbunge.

## Kofia

Sasa nafika kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Kila baada ya sensa, mipaka ya maeneo ya uchaguzi Illinois huchorwa upya. Katiba ya jimbo ya mwaka 1970 inasema kwamba bunge likishindwa kukubaliana, inaundwa tume ya watu wanane, wanne kila upande. Nayo ikikwama, Mahakama Kuu ya jimbo inataja majina mawili, moja la kila chama, na Katibu wa Jimbo anachomoa moja. Anayechomolewa anakuwa mjumbe wa tisa. Chama chake kinachora ramani.

Bahati nasibu, kwa maana halisi kabisa. Waandishi wa katiba walitumaini hofu ya kupoteza kila kitu ingewasukuma wanasiasa wapatane. Hawakupatana mwaka 1981, wala 1991, wala 2001.

Mwaka 1991 Warepublican walishinda bahati nasibu hiyo, wakachora ramani, na mwaka uliofuata wakachukua Seneti. Ndiyo asili ya miaka kumi ya Pate Philip. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, aliingiza mkono kwenye kofia ndefu nyeusi ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa karatasi. Jina lililokuwamo lilikuwa la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago. Mdemokrat.

Ramani ikachorwa upya. Eneo la Obama likanyooshwa kaskazini kufuata ufukwe wa ziwa, likachukua mitaa ya matajiri wa katikati ya jiji pamoja na nyumbani kwake Hyde Park. Novemba 2002 Wademokrat wakashinda Seneti. Januari 2003 Philip hayupo, Emil Jones ni rais wa Seneti, na Obama ni mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii.

Miswada iliyolala ikaamka. Sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ambayo awali haikwenda popote, ikapita. Ikapita pia sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji. Hii ya pili ilikuwa nzito mno Illinois: tangu hukumu ya kifo irejeshwe mwaka 1977 hadi Januari 2000, jimbo lilikuwa limewaua kwa sindano watu 12, na 13 waliohukumiwa kifo walikuja kuonekana hawana hatia. Polisi walipinga mwanzoni. Obama alikaa nao na waendesha mashtaka, kifungu kwa kifungu, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Angeweza kuandika sheria ile kwa haraka hivyo kama hakuwa amekaa miaka sita akijua nani anaogopa nini? Sidhani.

Angepata nafasi ya kuiandika kama karatasi nyingine ndiyo ingetoka kofiani?

Hapana.

Ndiyo maana lile jibu langu la mezani lilipwaya. Subira na maridhiano vilimpa sheria ya 1998. Mengine yote yalisubiri karatasi. Na wapo waliosubiri kama yeye, wenye bidii kama yeye, ambao karatasi yao haikutoka.

## Mzee Jones

Ninayemfikiria zaidi sasa hivi si Obama. Ni Emil Jones.

Mkaguzi wa zamani wa mifereji ya maji taka Chicago, aliyeingia bungeni mwaka 1973 na Seneti miaka kumi baadaye. Alikuwa kiongozi wa wachache kuanzia 1993 hadi 2003. Miaka kumi akiwaongoza watu wanaoshindwa. Kazi yake ilikuwa kuwashikilia wasikate tamaa, wasiuzwe mmoja mmoja, wafike kikaoni. Ndiye aliyempa kijana wa Harvard mswada wa maadili. Na alipopata urais wa Seneti, Obama alimwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kutengeneza seneta wa taifa. Jones akamuuliza ni nani, akajibiwa: mimi.

Jones akampa miswada mikubwa aisimamie, na hilo liliwaudhi wengine. Hendon alikuwa amehangaika na suala la polisi kubagua madereva kwa rangi muda mrefu, na sifa zikaenda kwa mwingine. Nina huruma naye. Miaka ya uchache ina malipo machache, na hata hayo hugawanywa bila usawa.

Springfield hiyohiyo aliwahi kukaa Lincoln, naye akiwa mchache. Alikuwa wa chama cha Whig, mara mbili wenzake wakamsimamisha kugombea uspika, mara mbili akashindwa. Desemba 1840 yeye na wenzake waliruka dirishani ili akidi isitimie. Akidi ilikuwa imeshatimia.

## Upande wa pili

Ningependa kuishia hapo kwenye ushindi wa 2003. Ila isingekuwa haki.

Tangu Januari ile, Warepublican wa Illinois hawajarudi kwenye uongozi wa Seneti. Mwaka 2011 na 2021 Wademokrat walikuwa na bunge na gavana, wakachora ramani wenyewe, na kofia haikuhitajika. Leo Seneti ni 40 kwa 19. Kwa upande wa Seneti, kura 36 zinatosha kupindua hata kura ya turufu ya gavana. Raia waliokusanya sahihi ili ramani ichorwe na tume huru walikwama mwaka 2016, pale Mahakama Kuu ya jimbo ilipowazuia kwa majaji 4 dhidi ya 3. Na Spika Madigan, aliyeshika baraza la chini karibu miongo minne, alitiwa hatiani mwaka 2025 kwa rushwa na akahukumiwa miaka saba na nusu gerezani.

Ninaupenda upande ulioshinda mwaka 2003. Nasema hivyo bila kuficha. Lakini wale maseneta 19 wana wapigakura waliopanga foleni kama nilivyopanga mimi, na miswada yao inalala kwenye kamati ileile. Siwezi kuumia kwa ajili ya diwani wangu na nisiumie kwa ajili yao.

Kirk Dillard, yule Mrepublican wa 1998, alikaa miaka kumi upande wa wengi na zaidi ya kumi upande wa wachache. Mwaka 2007 alikubali kuonekana kwenye tangazo la kampeni ya Obama, akimsifu kwa jinsi alivyofanya kazi na pande zote. Wapinzani ndani ya chama chake hawakumsamehe. Mwaka 2010 aligombea kuteuliwa na chama chake kuwania ugavana, akapungukiwa kura 193. Alijaribu tena mwaka 2014, akashindwa, na mwaka huohuo akaondoka Seneti.

Marufuku ya kutumia fedha za kampeni kwa mambo binafsi, waliyoiandika pamoja mwaka 1998, bado ni sheria ya Illinois.